Tupige Windows, mzee?

Mafundi kompyuta wa Dar es Salaam wana dawa moja. Ukienda na laptopu ambayo herufi M imegoma, utaambiwa tupige Windows. Betri haikai na chaji, tupige Windows. Kioo kimekaliwa na mtoto kikapasuka, fundi atakiangalia, ataguna, atakubadilishia kingine, na kabla hujatoa pochi mfukoni atauliza, "Na Windows tukupigie kabisa, mzee?" Flashi yenye hiyo Windows anaivaa shingoni kwa kamba ya kitambulisho. Anaipiga asubuhi, anaipiga jioni, na mwisho wa siku anayepigwa ni mteja.

Sina ugomvi na dawa yenyewe. Mashine iliyojaa virusi, au ile iliyopita mikononi mwa ndugu wa ukoo mzima na kila mmoja akaacha michezo yake humo, ifutwe ianze upya, Mungu aibariki. Shida yangu mimi ilikuwa nyingine. Nilinunua SSD, nikataka mfumo wangu mzima mzima, na kila kilichomo, utoke kwenye diski kuukuu uhamie kwenye hiyo mpya. Niwashe, nikute kila kitu pale nilipokiacha. Kwa ombi hilo nimeonewa huruma Kariakoo nzima.

"Mzee, unahamisha ya nini? Tunapiga mpya, unapata safi."

Nani kamwambia nataka safi? Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu. Daftari la michango ni faili, sawa, hilo fundi atalinakili kwenye flashi akikumbuka. Lakini kuna skana yangu, ambayo programu yake ilikuja kwenye CD, na laptopu za siku hizi hazina pa kuweka CD, na hata zingekuwa napo, CD yenyewe ilihamia Mwanza na mwenzangu tuliyekuwa tukiitumia pamoja. Kuna printa ambayo ilikubali kuelewana na kompyuta hii baada ya mvutano ambao sitaki kuusimulia mbele ya watu. Kuna kamusi iliyolipiwa, na aliyeniuzia alishafunga duka. Vitu hivi havinakiliki kwa kuburuta folda. Vimetawanyika ndani ya mfumo, kila kimoja kina mizizi yake, na ukifuta mfumo umekata mizizi yote.

Halafu Windows ya fundi naijua. Ukiiwasha inakupokea picha ya gari jekundu la mashindano. Jina la mtumiaji ni jina la duka lake. Kuna programu ya kukinga virusi ambayo baada ya wiki kadhaa inaanza kukudai fedha, na programu ya kusikilizia muziki ambayo hukuiomba, tena ndani yake mna nyimbo ambazo hukuziomba pia. Leseni usiulize. Ukiuliza, anacheka.

Aliyenitia tamaa ya SSD ni mpwa wangu anayesoma chuo. Alikuja nyumbani Jumapili, akanikuta nasubiri kompyuta iwake, akala, akanawa, akarudi akanikuta bado nasubiri. "Mjomba, mashine yako haina ubovu wowote. Diski ndiyo inakuangusha." Kwa hilo alisema kweli, na nampa haki yake, kwa sababu yapo mengine mbele ambayo simpi.

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka. Ya kwangu ilikuwa inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, huku mkono mwembamba ukiruka huku na huko kutafuta vipande vya data. Kila mruko unakula milisekunde kumi na ushee. Si nyingi ukihesabu mmoja, ila Windows ikiwaka inaokota vipande maelfu kwa maelfu vilivyosambaa sahani nzima, na kila kipande kina safari yake. Ndiyo ile krr, krr unayoisikia. Babu wa diski hizi ni mashine ya IBM ya mwaka 1956 iliyokuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, uzito wake ukikaribia tani nzima. Ilibeba herufi kama milioni 5. Picha moja ya simu nzuri ya leo ingeijaza ikabaki haina pa kupumulia.

SSD haina kinachozunguka. Data zinakaa ndani ya chembe ndogo zinazoshikilia chaji ya umeme hata ukizima, ufundi uliobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980. Hakuna mkono, hakuna mruko, hakuna krr. Mpaka hapo nilikuwa upande wa mpwa wangu.

Tukaenda dukani. Laptopu yangu ina nafasi ya SSD zile ndogo za M.2, kipande cha milimita 22 kwa 80, unaweza kukisahau kwenye mfuko wa shati na kikafuliwa. Sasa, vipande hivi vina koo mbili. Kuna vya SATA, ambavyo mwisho wao ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna vya NVMe, ambavyo hata vile vya kizazi cha nyuma kidogo vinafika 3,500. Kwa macho vinafanana sana. Mara nyingi cha SATA kina mapengo mawili kwenye meno ya dhahabu na cha NVMe kina pengo moja. Nilikuwa nimeshasoma hayo, nikamuuliza muuzaji kwa adabu zote kama hiki anachonipa ni cha ukoo upi.

"Zote ni M.2 hizo, mzee. Inaingia."

Nikamwonesha mapengo mawili. Akaichukua laptopu yangu, akaifungua mwenyewe, akachomeka. Kuingia, iliingia. Ilikaa pale imetulia kabisa. Tukawasha, na mashine haikuiona. Tukazima, akaichomoa, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha, tukawasha, haikuiona. Nafasi ile inasikia NVMe peke yake, ukiisemesha kwa SATA haigeuki. Nilipoomba anibadilishie, alinitazama kwa masikitiko ya mtu aliyedhulumiwa: "Lakini mzee, si imeingia?" Alibadilisha, nikaongeza fedha, na mpaka naondoka nadhani bado anaamini kwamba mimi na laptopu yangu tuna nongwa.

Nyumbani mpwa akaanza kusikitika kwamba tumepunjwa. Boksi limeandikwa gigabaiti 512, kompyuta inasema 476. Hapa ilibidi nimtulize. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: gigabaiti moja kwake ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kisha inaandika jina lile lile la gigabaiti bila haya. Hakuna aliyeiba. Muuza duka wa mtaani akikupimia sukari kwa kilo mbili tofauti namna hii, Wakala wa Vipimo watamfuata, ila kwenye kompyuta dunia nzima imekubali yaishe. Diski yangu ya zamani nayo, iliyouzwa kwa jina la terabaiti moja, ilikuwa inajitambulisha kuwa 931 tangu siku ya kwanza na sikuwahi kuona mtu akilia.

Punjo halisi ni jingine, na hilo ndilo la kuogopa: SSD bandia. Ndani ya ganda zuri mnawekwa kumbukumbu ndogo ya bei ya chini, kisha inafundishwa kusema uongo, ijitangaze kuwa terabaiti kadhaa. Unaandika faili zako, inapokea zote kwa tabasamu, na zikizidi uwezo wake wa kweli inaandika juu ya zile za mwanzo. Dawa ni kuijaza yote kabla ya kuiamini, kisha uzisome tena faili ulizoweka. Kuna programu za bure za kazi hiyo. Ukiona terabaiti 16 zinauzwa bei ya viatu vya ngozi, nunua viatu.

Na sasa skrubu. Kipande cha M.2 ukikichomeka kinasimama mshazari, pua juu, kinasubiri ukilaze na kukifunga kwa skrubu moja. Moja tu. Kipenyo milimita 2, urefu 3 hivi. SSD nyingi haziji nayo, kwa madai kwamba iko kwenye laptopu. Laptopu yangu ilikuja imetumika kutoka Dubai, na huko kuna mtu aliamua kubaki na skrubu. Dukani hawana. Duka la jirani hawana. Kuna mtaa mzima pale Kariakoo unauza nati na skrubu za kila kitu kuanzia saa ya mkononi hadi fuso, na nilipowaonesha kwa vidole ukubwa ninaotaka wakaniuliza kama ni ya miwani. Ya miwani haiingii. Fundi mmoja aliyekuwa anatusikiliza akatoa solotepu mfukoni, akakata, akalaza kipande, akabandika. "Hiyo hata miaka mitano." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Na Windows je?"

Kuhamisha kwenyewe kulianza na mpwa kutaka kunakili C peke yake. "Vitu vyako vyote viko C, mjomba." Ndiyo, vyangu viko C. Ila mashine haianzi na vyangu. Inaanza na patisheni ndogo ya EFI, ya megabaiti mia moja hivi, ambayo Windows inaificha usiione, na humo ndimo kuna programu inayojua C iko wapi. Ukiiacha nyuma, kompyuta itawaka, itatazama kulia na kushoto, na itakwambia haioni cha kuwashia. Tukakubaliana zihame zote.

Likaja suala la ukubwa. Programu ya bure tuliyoitumia haitaki kuhama kutoka pakubwa kwenda padogo, hata kama hapo pakubwa robo tatu ni wazi. Kwa hiyo lazima upunguze patisheni ya zamani kwanza. Windows ina chombo cha kupunguzia, na chombo hicho kikanijibu kwamba kwenye mamia ya gigabaiti yaliyo wazi kinaweza kuniachia kidogo sana, kwa sababu katikati ya uwanja kuna faili zisizohamishika. Ni faili gani? Moja ni ya kuhifadhi hali ya mashine inapolala usingizi mzito, kitu ambacho sijawahi kukitumia. Nyingine ni ya kuisaidia RAM ikizidiwa. Nyingine ni kumbukumbu za kurejesha mfumo. Ukizima huduma hizo moja moja, faili zinaondoka, na ukimaliza unazirudisha. Maelezo ni mepesi. Utekelezaji ni kwamba ukigusa ile ya RAM mashine inataka kuzimwa na kuwashwa, na mnakumbuka inawaka kwenye diski gani. Pilau iliivishwa na kuliwa katikati ya kuzima na kuwasha.

Mwisho wa diski ya zamani kulikuwa na patisheni ya dharura, ile ya kutengenezea Windows ikiharibika, nayo ilibidi isogezwe. Mpwa alisema tuifute. Vijana hawa kila kitu wanataka kufuta.

Kunakili kukaanza usiku, programu ikiendeshwa kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa imelala. Kwa kuwa diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la data la Windows, programu haikuweza kutambua kipi ni data na kipi ni uwazi, ikawa inanakili vyote. Nilikaa pale natazama kompyuta ikibeba uwazi kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa uaminifu mkubwa. Ilikuwa imeshapita nusu pale binti yangu alipochomeka pasi anyooshe sare, na nyumba nzima ikawa giza. Unit zimekwisha. Betri ya laptopu hiyo ni pambo. Mpwa akashika kichwa. Lakini katika kazi hii diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi kitu, kwa hiyo umeme ukikatika kinachoharibika ni nakala ambayo haijakamilika. Unanunua LUKU, unaanza tena mwanzo. Binti alinyoosha kwanza.

Asubuhi ikawa imekwisha, tukashangilia, nikawasha. Krr, krr. Kasi ile ile ya jana. Mpwa alikuwa na mtihani, akanikimbia, nikaibeba mashine mpaka kwa yule fundi wa solotepu. Akaigusa, akaisikiliza, akanipa jibu ambalo nitazeeka nalo.

"SSD ikiwa mpya hivi huwa bado haijazoea."

Haijazoea nini? Mimi? Nikafungua dirisha la Windows linaloonesha kazi za mashine, nikamwonesha kwa kidole kwamba diski inayofanya kazi ni ile ya zamani, imebanwa asilimia 100, na SSD imekaa pembeni haina kazi. Diski mbili zenye mfumo ule ule zikiwa ndani ya mashine moja, mashine inafuata iliyotangulia kwenye orodha yake ya kuwaka. Orodha iko kwenye baiosi, programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Unaingia, unaipandisha SSD juu, unatoka. Bora zaidi unaichomoa ya zamani kabisa wakati wa kuwasha mara ya kwanza, zisigombane. Fundi akaingia kwenye baiosi kwa kasi ya mtu aliyedharauliwa, akapandisha SSD juu, na akiwa humo akabadili na vingine kadhaa alivyoona havijakaa vizuri, ikiwemo kuzima ule ulinzi wa Secure Boot. Akanitoza fedha ya kupiga Windows, maana kwenye bei zake hakuna huduma nyingine.

Nimefika nyumbani, nawasha, kioo cha bluu kimenisimamisha: ingiza ufunguo wa BitLocker. BitLocker inaufungua mlango yenyewe kila siku mradi mashine iko ilivyokuwa. Ukigusa mambo ya Secure Boot inadhani ni mwizi amekuja, inadai ufunguo. Ufunguo una tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Token ya LUKU ina 20 na tunaikosea. Kwenye laptopu nyingi za Windows ufungaji huu unajiwasha wenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unawekwa kwenye akaunti hiyo, kwa hiyo niliupata kwa simu. Mke wangu akanisomea, mimi nabonyeza, alama ya kuuliza ikiwa machoni pake tangu kundi la tatu. Alipofika la saba akashindwa kuvumilia: "Baba watoto, hizi ni unit za mwaka mzima?"

Ikafunguka. Sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Skana ipo, printa ipo na kiburi chake, kamusi ipo, wadaiwa wa chama cha kuzikana wapo wote wamekoza wekundu. Hata ule ujumbe unaonitaka kila asubuhi nisasishe programu ambayo niliiondoa zamani umehama nao, haukusahauliwa nyuma. Unaohamisha ni mfumo, si tabia njema.

Kwa anayetaka kufanya hivi: nakili faili zako muhimu mahali pengine kabla ya yote, andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi au uisimamishe kwa muda, hesabu mapengo kwenye SSD dukani, na diski ya zamani usiifute mpaka umeitumia mpya wiki kadhaa. Fundi akikuuliza kuhusu Windows, mwambie unayo.

Solotepu imeanza kulegea kwa joto. Msomaji mwenye skrubu ya M.2 isiyo na kazi, hata iwe na kutu, aiweke. Nitaifuata popote ndani ya Dar es Salaam, na nauli ni yangu.